Pilipili kwanza, tomati nyuma: namna ya kuhesabu siku ya kumwaga mbegu



Kila mwaka kiangazi kinapokaribia, swali ni lile lile: mbegu za tomati na pilipili tuzimwage lini? Wengine wanangoja mvua iishe kabisa, ndipo wanaanza kutafuta mbegu. Wengine wanamwaga mapema sana, miche inazeekea pepinieri. Wengine tena wanafuata maandishi ya nyuma ya pakiti neno kwa neno, kiisha wanashangaa. Katika makala hii tutaonyesha njia moja ya kuhesabu ambayo kila kikundi kinaweza kutumia, hata kama hakuna agronomu karibu.

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja wa upande wa Wamaza ameuza kuku wawili, amenunua pakiti ya tomati na pakiti ya puavro, ile pilipili kubwa isiyowasha. Nyuma ya pakiti kumeandikwa kwa Kifaransa: mwaga mwezi wa pili au wa tatu, ndani, pahali pa joto. Anaweka sanduku la udongo ndani ya nyumba, kando ya jiko. Tomati zinaota upesi, anafurahi. Juma la pili miche ni mirefu, myeupe, myembamba. Juma la tatu inalala chini. Puavro hata haijaonyesha kichwa. Anamwita shemeji yake:

— Shemeji, kuja uone. Miche imekuwa sawa uzi. Na nilifanya vile karatasi inasema!

— Shemeji, karatasi haikukudanganya, hapana. Ila iliandikiwa watu wa baridi. Sisi hapa hatukimbie baridi. Tunakimbia mvua.

Jibu la huyu shemeji ndilo somo letu la leo.

PAKITI INASEMA KWELI, LAKINI YA KWAO

Tomati na pilipili zote mbili ni mimea ya Amerika, pahali pa joto. Baridi kali inayogandisha maji juu ya majani inaziua kwa usiku mmoja. Huko Ufaransa na Ubelgiji baridi ya namna hiyo inaweza kurudi paka katikati ya mwezi wa tano. Wakulima wa bustani wa Ufaransa wana desturi ya zamani ya kungoja tarehe 11, 12 na 13 za mwezi wa tano zipite, ndipo wanatoa miche inje. Lakini wakingoja siku hiyo kwa kumwaga mbegu, watavuna wakati baridi nyingine imefika. Ndiyo maana wanaanzisha mbegu ndani ya nyumba, kwa joto, karibu na dirisha la kioo.

Kwetu Maniema ya kusini hakuna baridi ya kuganda. Joto la kuotesha mbegu liko inje, bure, mwaka mzima. Adui wetu ni wengine: mvua nzito ya mwezi wa tatu na wa nne inayopiga miche changa na kuifukia, udongo uliolowa unaoozesha shina, jua la saa sita, pamoja na kuku, mbuzi na siafu. Kwa hiyo sisi pia tunahitaji kuanzisha mbegu mbali na shamba, pahali palipolindwa. Lakini si ndani ya nyumba yenye giza. Ni chini ya paa, penye mwanga.

Mbegu ikiwa bado chini ya udongo haihitaji mwanga. Siku inapotoa kichwa inauhitaji mara moja. Ndani ya nyumba ya matofali yenye dirisha dogo, mche unajinyoosha kutafuta mwanga, unakuwa mrefu bila nguvu. Mche wa namna hiyo hauponi tena vizuri, hata ukiuhamisha kwa uangalifu.

Kwa hiyo, kutoka kwa pakiti tushike jambo moja: pilipili inatangulia tomati. Hilo ni kweli Ulaya, ni kweli Kabambare. Joto na mahali tuache, kwa sababu vilihesabiwa kwa nchi nyingine.

ANZA NA SIKU YA KUHAMISHA, KIISHA RUDI NYUMA

Wakulima wengi wanauliza: "Leo nimwage?" Swali bora ni hili: "Shamba langu litakuwa tayari kupokea miche siku gani?" Ukijua siku hiyo, siku ya kumwaga inajitokeza yenyewe, kwa kuhesabu kurudi nyuma.

Kwa joto letu, hesabu ni hii:

Tomati: zinaota kwa siku 5 mpaka 8. Mche unakuwa tayari kwa majuma 4, ukiwa na majani 4 mpaka 6 na shina nene kama kalamu ya risasi au karibu.

Puavro na pilipili kali: zinaota kwa siku 8 mpaka 14, wakati mwingine zaidi. Mche unakuwa tayari kwa majuma 7, hata 8.

Kwa hiyo kati ya kumwaga pilipili na kumwaga tomati kuna kama majuma matatu. Ukizimwaga siku moja, utakuta tomati zimefika na pilipili bado watoto. Ukingojea pilipili, tomati zitazeeka, zitaanza kutoa maua pepinieri. Tomati iliyotoa maua pepinieri inakawia kushika mizizi, na matunda yake ni machache na madogo.

Pakiti za Ulaya zinahesabu majuma 6 mpaka 8 hata kwa tomati, kwa sababu mwanga wao mwisho wa baridi ni hafifu na mche unakua polepole. Kwetu majuma 4 yanatosha.

SIKU YA SHAMBA UTAIJUAJE?

Kiangazi chetu kinakamata miezi ya sita, ya saba na ya nane. Mwezi wa tano mvua zinapungua. Tomati za kiangazi tunazilima mabondeni, kando ya Luama na vijito vyake, penye unyevu. Lakini mabonde hayafanani. Moja linakauka mapema, lingine linashika maji paka mwisho wa mwezi wa tano.

Fanya hivi: ingia bondeni asubuhi, kanyaga kwa nguvu, ondoa mguu, ngoja kidogo. Kama alama ya mguu inajaa maji, bado. Kama inabaki na unyevu bila maji, bonde lako liko karibu. Andika tarehe. Fanya vile miaka miwili au mitatu, utakuwa na kalenda ya bonde lako, iliyo bora kuliko kalenda yoyote ya pakiti.

Tuseme bonde la kikundi chenu linakuwa tayari tarehe 10 mwezi wa tano. Hesabu inakuwa hivi:

Tarehe 20 mwezi wa tatu: mwaga puavro na pilipili.
Tarehe 12 mwezi wa nne: mwaga tomati.
Tarehe 3 mwezi wa tano: anza kuzoesha miche jua.
Tarehe 10 mwezi wa tano: hamisha yote, jioni.
Katikati ya mwezi wa saba: tomati za kwanza zinaiva, siku 65 mpaka 75 baada ya kuhamisha.
Mwisho wa mwezi wa saba: puavro za kwanza za kijani.
Mwezi wa nane na kuendelea: pilipili kali nyekundu.

Kama bonde lenu linachelewa kwa siku 15, sogeza tarehe zote siku 15. Usisogeze moja tu.

Tena, angalieni: tarehe hizi zinamaanisha mbegu ziwe mkononi mwanzo wa mwezi wa tatu. Barabara zetu wakati wa masika munazijua. Mbegu ya kuagiza Kasongo, Kindu au Bukavu iagizwe tangu mwezi wa kwanza. Ukianza kuitafuta mwezi wa nne, tomati utaokoa, lakini pilipili imekuacha.

NA MSIMU WA PILI?

Tomati za kiangazi zina shida moja: karibu kila mtu anavuna pamoja, bei inaanguka. Mwezi wa kumi na mbili zinakuwa haba, na mwenye nazo anauza vizuri, hasa kwenye machimbo ya upande wa Salamabila, ambako watu wengi wako kwenye dhahabu na si kwenye jembe.

Kwa kuvuna mwisho wa mwezi wa kumi na moja, siku ya kuhamisha ni kama tarehe 15 mwezi wa tisa, pamoja na mvua za kwanza. Rudi nyuma: pilipili tarehe 25 mwezi wa saba, tomati tarehe 18 mwezi wa nane. Hapo pepinieri itahitaji kivuli na maji kuliko paa la mvua.

Lakini tuseme ukweli. Tomati ya masika ni kama kucheza bahati kama hujajiandaa. Majani yakikaa na maji, madoa yanaenea kutoka chini kwenda juu. Mnyauko wa bakteria unaangusha mti mzima ukiwa bado kijani. Usilime bondeni wakati huo, panda juu kidogo, penye maji yasiyotuama. Simika vijiti, funga miti isiguse chini, tandika nyasi kavu, ondoa majani ya chini. Mara ya kwanza lima kipande kidogo tu. Pilipili kali inavumilia masika kuliko tomati, ilimradi maji hayasimami mizizini. Mwenye feza kidogo aanze na hiyo.

PEPINIERI CHINI YA PAA

Jengeni kichanja cha miti, kimo cha kiuno, inje ya nyumba, pahali panapopata jua la asubuhi. Juu wekeni paa la majani ya mingazi au nyasi, lenye mteremko, bila kuta. Mvua isipige, lakini mwanga uingie pande zote. Kila mguu wa kichanja uingizwe katika kopo lenye maji na matone ya mafuta, siafu hawatapanda. Kwa kimo hicho kuku na mbuzi wanashindwa pia.

Sanduku la mbao, bidoni iliyopasuliwa kwa urefu, makopo ya zamani, vikombe vya majani ya mgomba: vyote vinafaa, kama vina matundu chini. Kina cha udongo kiwe kama sentimeta 8 mpaka 10.

Udongo wenyewe: sehemu 2 za udongo mweusi wa juu, sehemu 1 ya mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri, sehemu 1 ya mchanga au makapi ya mpunga yaliyochomwa mpaka kuwa meusi, si majivu meupe. Makapi hayakosekani kwetu, ni nchi ya mpunga hii. Msichukue udongo wa pahali palipolimwa tomati, pilipili, biringanya, viazi vya kizungu au tumbako. Hizo ni ukoo mmoja, na magonjwa yao ni ya ukoo. Kabla ya kumwaga, mwagieni udongo maji yanayochemka, funikeni, muache upoe paka kesho yake. Wadudu na kuvu nyingi zinakufa.

Chora mistari, sentimeta 5 kati ya mstari na mstari. Mbegu iingie sentimeta 1, si zaidi. Usizirundike. Funika kwa udongo laini, tandika nyasi kavu za mpunga. Siku miche ya kwanza inapotoka, ondoa nyasi siku ile ile. Usiseme kesho.

Maji yamwagwe asubuhi. Kama hakuna arozuari, toboa kopo kwa msumari mdogo. Maji ya jioni yanalaza miche na unyevu usiku mzima, na hapo ugonjwa wa kuoza shina unaingia: mche unaanguka, na shingo yake imekuwa nyembamba kama imefungwa uzi. Ukiuona, ng'oa mche pamoja na udongo wake, uutupe mbali, acha maji kwa siku moja, punguza kivuli, nyunyiza mchanga mkavu kati ya mistari. Mwenye kuvuta tumbako aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa maana tumbako inaweza kubeba ugonjwa wa majani.

MBEGU NGAPI?

Hapa ndipo feza inapotea. Shamba la meta 10 kwa 10, tomati kwa nafasi ya sentimeta 80 kwa 50, linachukua miche 250. Puavro kwa nafasi ya 60 kwa 50, linachukua miche kama 330. Gramu moja ya mbegu za tomati ina mbegu kama 300. Gramu moja ya pilipili ina kama 150.

Kabla ya yote, pima mbegu. Weka mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu, kunja, weka katika sahani iliyofunikwa. Hesabu tomati siku ya 8, pilipili siku ya 14. Zikiota 16, zidisha kwa 5: ni 80 kwa mia. Zikiota 8, ni 40 kwa mia, na inafaa umwage mara mbili. Zikiota 2 au 3, usipoteze udongo wako.

Kwa mbegu nzuri, gramu moja na nusu ya tomati na gramu 3 mpaka 4 za puavro zinatosha kwa shamba la ukubwa huo, pamoja na akiba ya miche ya kurudishia iliyokufa. Kwa sababu pilipili inachukua siku 14 kupimwa, ipime mwanzo wa mwezi wa tatu, si siku ya kumwaga.

Mbegu za pilipili zinaweza kulala katika maji ya vuguvugu usiku mmoja kabla ya kumwagwa, zinaota upesi kidogo. Lakini kama zimepakwa dawa, zile za rangi nyekundu au buluu, usizilowanishe. Osha mikono, wala usiwape watoto wazichezee.

SIKU YA KUHAMA

Siku 7 kabla ya kuhamisha, punguza maji kidogo kidogo na ondoa majani ya paa, upande mmoja leo, mwingine kesho kutwa. Mche unaotoka kivulini kwenda jua kali kwa siku moja unaungua.

Hamisha jioni, pamoja na donge la udongo. Tomati ipande kwa kina, paka karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina lake linatoa mizizi. Pilipili ipande kwa kimo kile kile ilichokuwa nacho pepinieri, usiizamishe. Bonde lililotoka kuvunwa mpunga wa maji ni zuri sana, kwa sababu maji ya mpunga yanapunguza bakteria ya mnyauko. Bonde la tomati za mwaka jana liache lipumzike kwa mahindi, maharagwe au mpunga.

NGUVU YA KIKUNDI

Mtu mmoja anaweza kuhesabu vizuri na bado apoteze, kama wenzake wote wanahamisha tomati siku moja naye. Kikundi kinaweza kufanya jambo ambalo mtu peke yake hawezi: kugawana tarehe. Familia za kwanza zimwage tomati tarehe 12 mwezi wa nne, za pili tarehe 26, za tatu tarehe 10 mwezi wa tano. Kila juma kunakuwa na tomati za kuuza, na hakuna anayeshusha bei ya mwenzake. Mwaka unaofuata mubadilishane zamu, asiwepo wa kwanza daima wala wa mwisho daima.

Pepinieri nayo iwe moja, na zamu ya maji iandikwe katika daftari. Miche inakufa sana siku ile kila mmoja alifikiri mwingine amemwagilia.

Tumrudie mama yetu wa mfano. Tuseme ana mbegu kidogo zilizobaki, na ni mwanzo wa mwezi wa nne. Je, amepoteza mwaka? Hapana.

— Shemeji, sasa nifanye nini?

— Toa sanduku inje, weka chini ya paa ya baraza. Puavro unaisha kuchelewa, ila zimwage leo, zitahama mwisho wa mwezi wa tano. Tomati zingoje, majuma matatu. Kiisha zote zitahama pamoja.

— Na karatasi?

— Karatasi uitunze. Jina ya mbegu iko pale. Lakini siku, tutaiuliza bonde.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka jana bonde letu lilikuwa tayari tarehe gani? Nani aliandika?
2. Tukihesabu majuma 7 na majuma 4 kurudi nyuma, tarehe zetu ni zipi?
3. Nani ataagiza mbegu, na lini?
4. Tutagawana vipi tarehe za kuhamisha ili bei isianguke?

Someni makala hii pamoja na wasiojua kusoma, na tarehe mutakazokubaliana ziandikwe kwa makaa ukutani mwa nyumba ya kikundi, kila mmoja azione. Kazi njema, na mavuno mema.